Kupiga picha za utafiti wa uvuvi mdogo: kutoka dikoni hadi ukutani, na kurudi dikoni

Kila msimu wa wanafunzi kwenda kukusanya data, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Nitumie kamera gani? Nikifika dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, nianze na nani? Mtu akikataa nifanyeje? Nimeshapiga picha mia tatu, sasa nizipeleke wapi? Nimeyajibu kwa ujumbe, nimeyajibu kwa simu, na mara nyingi nimeyajibu nikiwa nimesimama mchangani huku chombo kinashusha. Leo nayaandika yote pamoja.

Nakuandikia wewe unayefanya utafiti wa uvuvi mdogo katika pwani yetu, iwe Unguja, Pemba, Mafia, Kilwa, Tanga, Kwale au Lamu. Huenda wewe ni mwanafunzi, msaidizi wa utafiti, au mjumbe wa BMU (kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi ufukweni) uliyekabidhiwa simu ukaambiwa "tupigie picha za mradi". Ndugu zangu wa ziwani mtapata cha kuchukua humu, ila mniwie radhi, mifano yangu mingi ni ya maji chumvi.

Jambo moja nitalirudia mpaka ulichoke: mtu wa kwanza kuiona picha awe yule aliyemo ndani yake. Asiwe msimamizi wako, wala mfadhili, wala watu wa mtandaoni. Heshima ni sababu mojawapo. Sababu nyingine ni kwamba yeye ndiye atakayekuambia umekosea wapi. Mimi niliwahi kuandika chini ya picha, "Mama akimsaidia mumewe kutengeneza nyavu." Nilipoipeleka kijijini, yule mama aliitazama kwa muda, akaniambia: "Mwanangu, nyavu ni zangu, nilizinunua kwa pesa ya mwani. Huyu ndiye anayenisaidia mimi." Ripoti yangu ilikuwa na sura nzima kuhusu umiliki wa zana, na sura hiyo nililazimika kuirudia. Picha moja iliniambia kitu ambacho dodoso la kurasa nane halikuuliza.

Kabla hujaondoka nyumbani

Huhitaji kamera ya bei. Hakikisha una hivi:

- Simu yenye kamera nzuri kiasi na nafasi ya kutosha. Futa video za harusi kabla ya safari, usifute ukiwa dikoni.
- Mfuko wa simu usiopitisha maji, wa kuvaa shingoni.
- Pawabenki. Madiko mengi hayana pa kuchajia.
- Vitambaa viwili laini: kimoja kikavu cha kufutia lenzi, kingine cha kulowesha maji ya bomba na kufutia chumvi.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu nyingine huyeyuka ukipatwa na maji, penseli haina neno.
- Rula au utepe wa kupimia. Samaki aliyepigwa picha bila kipimo pembeni anaweza kuwa wa ukubwa wowote.
- Fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, maneno makubwa.
- Kibali cha utafiti. Tanzania Bara hutolewa na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, Kenya na tume ya sayansi, NACOSTI, na Zanzibar ina utaratibu wake yenyewe, kwa hiyo kibali cha Bara usikitegemee ukivuka maji. Ukitaka kurusha droni, hicho ni kibali kingine tena, cha mamlaka ya usafiri wa anga.
- Pesa ya kusafishia picha.

Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau. Bajeti inakuwa na mafuta ya boti, posho na kompyuta, lakini ya karatasi za picha haimo. Iandike tangu siku ya kuandaa pendekezo la utafiti, kwa sababu baadaye hutaipata.

Hatua ya 1: Andika utafiti wako kwa sentensi moja

Usiguse kamera kabla ya kuandika sentensi ambayo mvuvi anaweza kuisikia mara moja akaielewa. Chukua mfano wa pweza. Kizimkazi kule Unguja na Kisiwa Panza kule Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa muda, kama miezi mitatu hivi, kisha wanaufungua kwa siku waliyokubaliana. Njia hiyo ilianza kuvuma kutoka Andavadoaka, Madagaska, ambako walifunga mwamba kwa ajili ya pweza mwaka 2004. Ukiwa unatafiti jambo hilo, sentensi yako ni: "Tunataka kujua kama pweza wa siku ya ufunguzi ni wakubwa kuliko wa siku za kawaida, na nani anafaidika."

Sasa soma sentensi yako, uorodheshe vinavyopaswa kuonekana. Boya la kuonyesha mpaka wa mwamba uliofungwa. Mizani. Mikono ya anayepima na macho ya anayepimiwa. Mnunuzi na pesa anazozihesabu. Na pia, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau, pweza wa siku ya kawaida. Siku ya ufunguzi kila mtu anakuja na kamera, viongozi wanakuja, ngoma inapigwa. Wiki mbili kabla yake hakuna anayepiga picha. Bila picha za siku ile ya kawaida, zile za siku kuu hazina cha kulinganishwa nacho.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza kamera ibaki begini

Anza kwa wenyeji wa mahali. Zanzibar ni sheha na kamati ya uvuvi ya shehia. Bara ni mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha viongozi wa BMU. Kenya ni chifu na mwenyekiti wa BMU. Wakishakupokea, nenda dikoni mikono mitupu. Salimia kwa mpangilio: shikamoo kwa wazee, salamu ya dini pale inapotumika, na usimwite mtu mzima kwa jina tupu. Kaa na wanaoshona nyavu. Ukiombwa kusaidia kuvuta chombo, vuta.

Angalia kazi inavyokwenda: vyombo vinaingilia wapi, mnada unafanyika upande gani, akina mama wachuuzi wanasimama wapi, nani anapanga bei. Usikanyage nyavu zilizotandazwa wala usiziruke. Siku ya pili, unapoitoa simu mfukoni, watu wanakujua kama yule kijana aliyevuta ngalawa jana, na hilo litaonekana usoni mwao pichani.

Hatua ya 3: Ridhaa iwe na ngazi tatu

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu ndipo madhara makubwa hutokea. Usimuulize mtu swali moja tu, "Naweza kukupiga picha?" Muulize matatu:

1. Nikupige picha, tuitazame mimi na wewe?
2. Niionyeshe hapa kijijini, kwenye mkutano na maonyesho?
3. Itoke nje ya kijiji: kwenye ripoti, ofisini, mtandaoni?

Wako watakaokubali la kwanza na la pili wakakataa la tatu, na wana haki hiyo. Andika jibu la kila moja daftarini pamoja na namba ya picha. Asiyependa kuweka saini, rekodi sauti yake akikubali. Swali la tatu liulize *baada* ya kumwonyesha picha kwenye kioo cha simu, kwani hakuna anayeweza kukubali kitu ambacho hajakiona. Kisheria pia mambo yamebadilika. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu imo ndani ya taarifa zake.

Kwa watoto, mzazi akubali na mtoto mwenyewe akubali. Picha ya mtoto akipara samaki saa za shule usiitoe, hata kama ni nzuri namna gani. Itamletea mama yake maswali ambayo wewe hutakuwepo kumsaidia kuyajibu. Akina mama wanaotoka majini na nguo zilizoloa wape nafasi ya kujifunga kanga nyingine kwanza. Na ukitaka ridhaa ya mwanamke, mwombe yeye mwenyewe. Nimeona watu wakimwomba mume au nahodha aliyesimama karibu.

Tahadhari kuhusu zana zilizokatazwa. Vyombo vyetu vina namba za usajili na majina yaliyopakwa rangi ubavuni. Miaka ya nyuma nilionyesha kwenye kikao fulani picha ya vijana wakivuta juya, ule wavu wa kukokota, nikidhani naeleza tu jinsi kazi ilivyo ngumu. Jina la chombo lilisomeka hadi nyuma ya ukumbi. Wiki haikuisha nahodha akanipigia simu: "Ndugu yangu, tumekula pamoja, kwa nini umenipeleka serikalini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tangu siku hiyo, picha ya zana yenye utata naipiga kwa karibu: macho ya wavu yakiwa juu ya rula, vidole, kamba. Macho ya wavu yanatosha kueleza utafiti, na hakuna chombo kinachotambulika.

Hatua ya 4: Panga kwa maji, usipange kwa saa ya ofisini

Vitabu vya upigaji picha vitakuambia upige asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa limelala. Ushauri huo ni mzuri kwa vyombo vinavyorudi na umande au vinavyotoka alasiri. Kwa wanaovua kwa miguu, hauwezekani. Maji makubwa ya bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwenye pwani yetu hupwa kabisa kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, na usiku vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba akina mama wa pweza wako mwambani wakati jua liko utosini. Huwezi kuwaambia wasubiri mwanga mzuri. Maji yenyewe hayawasubiri.

Kwa hiyo jifunze kupiga picha kwenye jua kali:

- Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwanga kidogo kwa kidole. Simu huipima mbingu na mchanga mweupe, ikaamua pamejaa mwanga, na ngozi zetu nyeusi zikawa kiza. Bora anga ipauke kuliko uso upotee.
- Chuchumaa. Mtu aliyeinama mwambani ukimpiga kwa juu utapata mgongo na kofia. Ukishuka, maji yaliyobaki mwambani yanarudisha mwanga usoni mwake.
- Acha jua liwe ubavuni mwenu, mmoja kulia na mwingine kushoto, lisiwe nyuma yake wala nyuma yako.
- Vaa viatu vya kufunga, na ukanyage anapokanyaga mwenyeji wako. Yeye anajua palipo na matumbawe hai na palipo na urumba wenye miiba.

Akisema maji yanajaa, turudi, rudini. Tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua inakaribia mita nne, na mkondo wa kurudi hauoni kama ulikuwa umebakiza picha moja.

Hatua ya 5: Piga kazi yote

Nitapita haraka hapa. Wanaoanza hupiga machweo, tanga na samaki mkubwa. Wewe piga kuanzia kutafuta chambo hadi sahani: kusuka dema (mtego wa samaki), kubeba injini, kuteka maji, kushusha, mnada, kupara, kukaanga, ndoo kichwani kuelekea sokoni, daftari la madeni. Kwa kila tukio pata picha tatu: moja ya mbali inayoonyesha mahali, moja ya kati inayoonyesha mtu na kazi yake, moja ya karibu ya mikono au kifaa. Ukitaka kuonyesha mabadiliko, kama fukwe zinavyoliwa au mikoko inavyorudi, chagua alama isiyohama, simama hapohapo kila mara, na urudi maji yakiwa katika kiwango kilekile.

Jioni hesabu: picha ngapi zina wanawake? Ripoti kubwa ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na wenzake ya mwaka 2023 kuhusu uvuvi mdogo duniani ilikuta kwamba kati ya kila watu kumi walio katika shughuli hizi, wanne ni wanawake. Kama kwako ni mmoja kati ya ishirini, kasoro ni ya mahali ulipokuwa umesimama.

Hatua ya 6: Mwachie mwenyewe kamera

Miaka ya 1990, Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, wajipigie wenyewe picha za maisha yao, kisha wakaketi pamoja kuzizungumza. Njia hiyo inafaa sana kwetu. Chagua watu sita hadi kumi: mvuvi wa mshipi, wa dema, mama wa pweza, mchuuzi, fundi wa ngalawa, kijana anayekwenda dago, kwenye kambi za uvuvi za mbali. Wape swali moja tu, kwa mfano, "Nini kinakupa riziki, na nini kinakunyima usingizi?" Wape wiki moja hadi mbili. Simu zao zikiwa hazifai, azimisha.

Wafundishe mambo manne tu: kushika simu bila kutikisika, kufuta lenzi, kugusa uso kwenye kioo, na kuomba ridhaa ya wengine. Usiwafundishe picha nzuri inafananaje, maana watakuletea unachokipenda wewe. Wakirudi, kila mmoja achague picha tano na aeleze kwa nini. Rekodi maelezo hayo. Nimewahi kuletewa picha ya ukuta mtupu wenye msumari. Nilidhani simu ilijipiga yenyewe, mpaka mwenyewe akaniambia: "Hapo ndipo wavu wangu ulikuwa unatundikwa kabla haujaibwa."

Hatua ya 7: Hifadhi usiku huohuo

Usilale kabla. Hamisha picha kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, na nakala nyingine iwe mahali tofauti, isikae kwenye begi lilelile. Badilisha majina ya mafaili: tarehe, sehemu, namba ya ridhaa. Na kabla ya kumtumia mtu yeyote, ondoa taarifa za mahali ambazo simu huweza kuziandika ndani ya picha bila wewe kujua. Mvuvi aliyekupeleka kwenye mwamba wake wa chewa hakukusudia kuutangaza, na picha yenye GPS ni ramani. Hali ni hiyohiyo kwa viota vya kasa na maeneo ya jongoo bahari.

Hatua ya 8: Chagua kwa data, usichague kwa uzuri

Kutoka mia tatu baki na kumi na tano. Kila picha iulize: je, hiki ndicho takwimu zangu zinachosema, au ni siku ya bahati? Kama vipimo vyako vinaonyesha changu wengi wanaovuliwa ni wadogo, usiweke picha ya yule changu mkubwa wa Jumanne kwa sababu tu amependeza. Weka tenga kama lilivyo, rula ikionekana. Picha ina nguvu kuliko jedwali, na kwa sababu hiyo inaweza kudanganya kuliko jedwali.

Epuka pia picha za huruma: mzee peke yake, nguo zimechanika, anatazama bahari. Mzee huyohuyo alikuwa na wenzake watano wakibishana kuhusu mpira dakika mbili kabla. Piga hilo.

Hatua ya 9: Maelezo ya picha ndiyo utafiti wenyewe

Picha bila maneno kila mtu ataisoma anavyotaka. Tazama maelezo haya ya kawaida: "Mwanamke akiwa na pweza, Zanzibar." Hayasemi kitu. Sasa linganisha na haya, niliyoyatunga kwa mfano:

"Mama mvuvi wa pweza akimpima pweza wake kabla ya kuuza, bamvua la kwanza baada ya mwamba kufunguliwa. Anavua kwa mti, kwa miguu, tangu alipokuwa msichana. Tulipima pweza wa siku hii na wa siku za kawaida ili kuona tofauti ya uzito. Mwenyewe anasema: 'Mizani ikiwa yetu, hata bei tunaijua.'"

Maneno kama hamsini hivi, lakini kuna kazi, zana, wakati, swali la utafiti na sauti ya mwenyewe. Fuata mpangilio huo. Jina la mtu liwekwe tu kama amelitaka, na wengi hulitaka, tena kwa fahari, kwa hiyo uliza, usiamue kwa niaba yao.

Majina ya samaki yaandike kama yanavyotamkwa hapo. Samaki yuleyule ataitwa tasi mahali pamoja, chafi pengine, na ukivuka kwenda pwani ya Kenya ni tafi. Ukiandika tafi kwenye maonyesho ya Mafia, watu watajua kuwa hukuwauliza. Jina la kisayansi liweke mwishoni kwa maandishi madogo kama lazima liwepo. Ukimaliza, msomee kila mtu maelezo ya picha yake kwa sauti. Akikunja uso, futa uanze tena.

Hatua ya 10: Maonyesho ya kwanza yawe dikoni

Huhitaji ukumbi. Funga kamba kati ya minazi miwili au kwenye nguzo za banda la samaki, tundika picha kwa vibanio vya nguo. Ukubwa wa A4 unatosha. Ukitaka ziwe safi, kila picha iwe na pikseli zisizopungua 2480 kwa 3508. Zipakie plastiki, la sivyo unyevu utazikunja kabla ya adhuhuri, na msimu wa kusi, upepo wa kusini, funga pembe za chini pia, maana upepo utazigeuza migongo.

Chagua siku kwa kushauriana na kamati. Mimi hupenda wakati wa maji mafu, yasiyopwa wala kujaa sana, watu wengi wako nchi kavu, au Ijumaa baada ya sala. Weka namba kubwa kwenye kila picha. Tafuta mtu wa hapohapo mwenye sauti nzuri asome maelezo, kwa sababu si kila mtu atasoma, na wazee wengine macho hayaoni tena maandishi. Wewe kaa pembeni na daftari, sikiliza. Mabishano yanayozuka mbele ya picha ("huyo si wa msimu huu", "wavu ule siku hizi haupo") ni data, na mara nyingi ni data bora kuliko uliyokuja nayo.

Wakati wa kuondoka, kila aliyemo pichani achukue picha yake mkononi. Hii si zawadi, ni haki yake.

Hatua ya 11: Ndipo ipeleke mbele

Sasa nenda halmashauri, idara ya uvuvi, kwenye taasisi za utafiti kama TAFIRI, ZAFIRI au KMFRI, na kwenye mikutano ya wanasayansi. Kwa ofisi, tengeneza kijitabu cha kurasa nane: picha moja, maelezo yake, sentensi moja ya matokeo, sentensi moja ya wanachoomba wanakijiji. Kama nauli inaruhusu, nenda na mvuvi au mama mmoja aeleze picha yake mwenyewe. Nimekuwa kwenye vikao ambako wakubwa walipitisha macho kwenye grafu zangu zote, kisha wakamsikiliza mchuuzi mmoja kwa dakika ishirini bila kugusa simu. Mtandaoni weka mwisho, na zile tu zenye ridhaa ya ngazi ya tatu.

Mambo yakikwama

*Watu wanajipanga na kutabasamu kila nikitoa simu.* Wapige hivyo kwanza, waonyeshe, wafurahi. Kisha kaa hapo nusu saa. Kazi itawarudisha kwenye kazi.

*Kioo kimeingia ukungu.* Umetoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la pwani. Acha simu begini dakika ishirini kabla ya kuitoa. Usifute lenzi kwa kanga yenye chumvi, utaikwaruza.

*Simu imeanguka baharini.* Zima mara moja, usiichaji, futa chumvi kwa kitambaa chenye maji ya bomba, toa kadi, ianike kivulini penye upepo kwa siku mbili. Chumvi inaua kuliko maji yenyewe. Kadi mara nyingi hupona.

*Picha niliyotuma kwa WhatsApp imekuja na ukungu ilipochapishwa.* WhatsApp huzibana picha. Tuma kama faili la hati, au peleka kadi yenyewe kwa msafishaji.

*Mtu anadai pesa ili apigwe picha.* Usimkasirikie, pengine waliopita walipata pesa kwa sura yake. Mweleze unafanya nini, mwambie atapata nakala yake, na kama kamati ina utaratibu wa malipo, fuata huo kwa wote sawa. Akikataa, shukuru upite.

*Alikubali, sasa amebadili mawazo.* Ondoa. Usimuulize sababu. Pale ilipokwisha kuchapishwa kwenye karatasi mwambie ukweli kwamba huwezi kuirudisha, na ndiyo maana swali la tatu huulizwa polepole.

*Kijiji chenye mvutano, upande mmoja haumo kwenye picha.* Ahirisha maonyesho. Rudi upige upande wa pili. Ukionyesha nusu, utaambiwa umetumwa, na utafiti wako wote utaingia doa.

*Aliyemo pichani amefariki.* Hili hutokea, bahari inachukua watu. Iteremshe picha kwenye maonyesho mpaka familia iseme. Isafishe kwa ukubwa mzuri, uipeleke mwenyewe nyumbani kwao, hata kama hawajaiomba, na usiende na kamera. Faili la asili liweke salama kwa jina lake. Watoto wakikua huja kuulizia, na ukutani ile nakala ya karatasi huwa imeshaliwa na chumvi.